Nieleze Unachokiona

Mgomba ukikatwa hautoi kishindo cha mti. Hutoa sauti ya kitu kilicholowa, kama mtu mzito anayejibwaga juu ya gunia la majani mabichi, kisha majani yake hufuata polepole yakisuguana, halafu panakuwa kimya. Nilisikia sauti hiyo mara arobaini na moja asubuhi ile, huko Nyabiyonza, Karagwe, katika kibanja cha Mama Kemirembe, shamba lake la migomba linalozunguka nyumba. Nilikuwa nimesimama pembeni, simu mkononi, nikiwaonyesha wanaume wanne wenye mapanga ni shina lipi lifuate.

Mama Kemirembe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kaburi la mumewe, ambalo liko katikati ya migomba kama yalivyo makaburi mengi ya huku kwetu. Hakulia. Kila mgomba ulipoanguka alirudia maneno yale yale kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, akiyaelekeza kwangu. Mimi ni mtoto wa Kayanga mjini. Baba yangu, Abdulghani, ana duka la mabati na misumari, na babu alitoka Pangani. Kinyambo changu ni cha sokoni, cha kusalimia na kuulizia nyanya. Nikamuuliza mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Melkiory, mama anasema nini.

"Ana huzuni tu," alijibu bila kuniangalia. "Endelea, binti. Wewe ndiye mtaalamu."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu kabla ya asubuhi ile.

Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimepangiwa mafunzo kwa vitendo chini ya afisa ugani wa kata, Mama Adelgunda. Wanakijiji walimwita bibi shamba. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, kule Muleba, Mlutheri wa kuimba sauti ya pili njia nzima hata pasipokuwa na mtu wa kuimba ya kwanza. Mwanamke mrefu, viatu vya mvua miguuni jua liwake lisiwake, na panga fupi ndani ya mfuko wa kitenge, alilolibeba kama wengine wanavyobeba mwavuli. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa astaafu. Na macho yake yalikuwa yanakufa.

Hilo la macho hakuniambia. Nililigundua kwa jinsi alivyonipa barua nimsomee, leo kwa kuwa miwani ameisahau, kesho kwa kuwa mwanga wa ofisi ni mbaya. Niligundua kwa jinsi alivyogonga bega kwenye mlango ambao ameupita miaka yote hiyo. Ilikuwa presha ya macho. Kilichokuwa mbele yake kabisa bado alikiona, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Vya pembeni vilikuwa vinamtoka kimoja kimoja.

Mimi nilifika na simu. Chuoni sote tulikuwa tunatumia akili mnemba. Ilinifafanulia udongo na mbolea kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wakufunzi wangu, iliniandikia ripoti, na haikuwahi kuchoka wala kuniambia nimeuliza swali la kijinga. Nilitegemea Mama Adelgunda angeikataa. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kuitetea. Lakini siku ya kwanza nilipoielekeza simu kwenye jani la mbuni lenye madoa na ikaanza kujibu, alisogea karibu, akainamisha kichwa kuyatafuta maandishi, akashindwa, akasema, "Soma kwa sauti."

Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapo pa kati imepotoka kidogo," alisema. "Lakini ina akili. Muulize tena, mwambie jani hilo ni la chini, siyo la juu."

Tangu siku hiyo akaibatiza jina. Mwenzako. "Mwenzako anasemaje?" "Hebu muulize mwenzako." Aliiuliza kwa njaa ya mtu aliyekaa miaka thelathini na moja vijijini akikutana na mambo asiyokuwa na wa kumuuliza. Tukiwa njiani alikumbuka mdudu aliyemwona zamani Kanoni, mweusi mwenye mstari, ambaye hakumjua mpaka leo. Tukasimama kando ya barabara, vumbi likitupita, mimi naandika na yeye anaeleza miguu ya mdudu yule ilivyokuwa.

Kuna siku akina mama wa usharika wa Kaisho, wilayani Kyerwa, walimwomba akaangalie maharage yao. Alishika majani, akayanusa, akasema ni virusi, yang'olewe yote. Mimi nikapiga picha, nikaulizana na simu kwa muda mrefu chini ya mkuyu ulio mpakani mwa shamba, nikirudi mara kwa mara kuangalia ilichoniuliza: majani ya zamani au mapya? Kingo au katikati? Mwishoni ikasema huenda udongo umeishiwa chumvichumvi fulani, na kwamba tungeweza kujaribu majivu ya kuni kwenye mistari michache kabla ya kung'oa. Nilimsomea Mama Adelgunda nikiwa na wasiwasi. Alilishika tena jani moja.

"Tujaribu mistari mitatu," akasema.

Baada ya wiki tatu mistari ile mitatu ilikuwa imechipuza majani mapya ya kijani safi. Alisimama mbele ya wale akina mama, mkono wake begani kwangu, akasema, "Niliwaambia ni virusi. Nilikosea. Huyu binti ameangalia vizuri kuliko mimi." Wakapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani kichwa kimejaa vigelegele vile. Lile neno jingine alilolisema, nilikosea, na jinsi lilivyomtoka bila kumkwama kooni, lilinipita kabisa.

Ndipo akaitwa hospitali, Mwanza, kwa ajili ya macho. Wiki nzima. Asubuhi ya kuondoka aliniambia, akiwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi: "Ukiitwa mahali, nenda. Angalia, andika. Usiamue. Nisubiri."

Aliondoka Jumatatu. Jumatano Bwana Melkiory akapiga simu: migomba ya Mama Kemirembe inanyauka.

Lazima nieleze neno hilo linavyosikika huku. Kuna ugonjwa tunaouita unyanjano, mnyauko unaoletwa na bakteria. Ulipopita miaka ya nyuma ulifuta vibanja vizima, na mtu asiye na kibanja hapa ni mtu anayekula kwa kuomba. Hutembea kwa panga, kwa nyuki, kwa mbuzi anayetafuna hapa na kwenda kutafuna pale. Ukiingia kwa jirani yako, umeshaingia kwako. Kwa hiyo nilipofika niliwakuta watu wapatao ishirini wamesimama mpakani, mikono nyuma, hakuna aliyethubutu kugusa jani. Wakanifungulia njia.

Ilikuwa sehemu ya chini ya kibanja, penye kisubi, zile ndizi ndogo tamu ambazo Mama Kemirembe alizitengenezea lubisi, pombe yetu ya ndizi, zimechanganyika na migomba ya ebitoke, ndizi zetu za kupika. Majani ya kisubi yalikuwa ya njano, yamekunjika yakaning'inia kuzunguka shina kama sketi. Nilipiga picha. Nikaituma. Simu ikasema yanaweza kuwa magonjwa mawili yanayofanana sana kwa majani, na ikataja unyanjano kwanza. Kisha ikauliza maswali. Je, umekata tunda, na ndani lina rangi gani? Je, umekata shina, na kuna ute wa njano unaotoka baada ya dakika chache? Je, migomba ya aina zote imeathirika au aina moja tu?

Sikuwa na panga. Panga lilikuwa la Mama Adelgunda, na lilikuwa limebaki ofisini ndani ya mfuko wake wa kitenge. Ningeweza kuazima kwa mtu yeyote pale. Lakini nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, watu ishirini walikuwa wananitazama, wingu la mvua lilikuwa limeinama juu ya kilima, na niliona kwamba nikianza kuuliza nani ana panga na mkungu unakatwaje, wataona nilivyo. Na nilikuwa na hakika. Hilo ndilo ambalo limenichukua muda mrefu kulikubali: nilikuwa na hakika kabla sijauliza, nilichotaka ni mtu wa kukubaliana na mimi.

Nikaandika: *Ndiyo. Ndani ni kahawia. Ute unatoka. Aina zote.*

Ikanijibu kama ambavyo ingemjibu mtu yeyote aliyeyaona hayo kwa macho yake. Unyanjano. Ondoa mashina yaliyoathirika, kagua ya jirani, choma visu kwenye moto.

"Ni unyanjano," niliwaambia.

Kikatoka kilio kutoka kwa mwanamke mmoja nyuma, siyo Mama Kemirembe. Kesho yake asubuhi wanaume wanne walikuja na mapanga na moto wa kuyachomea, na mimi nikahesabu mashina. Niliwaambia wakate na ebitoke zilizokuwa karibu, kwa usalama.

Mama Adelgunda alirudi Jumatatu iliyofuata. Daktari alikuwa amemwambia yale aliyokwisha kuyajua. Alikuta habari imemtangulia, na hakusema lolote ofisini. Alichukua mfuko wake wa kitenge, akanishika mkono juu kidogo ya kiwiko, kama alivyoanza kufanya siku hizo kwenye njia mbaya, tukapanda pikipiki mbili mpaka Nyabiyonza.

Migomba ilikuwa imelala ilikoangukia, imeanza kuwa myeusi. Mwanga mwingi ulikuwa umeingia mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga, na kaburi la mzee lilikuwa limebaki wazi juani. Mama Kemirembe alitoka nyuma ya nyumba, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba," akajibu, na akasalimiana na Mama Adelgunda kwa lugha zao, ambazo zinaelewana, salamu ndefu za Kihaya na Kinyambo zinazouliza wa nyumbani wote. Kisha Mama Adelgunda akapiga magoti kwenye majani. Alipapasa mpaka akaupata mkungu wa kisubi. Akatoa panga, akakata ndizi moja kwa mapana, akanipa vipande.

"Unaona nini?"

"Nyeupe," nilisema.

Akakata nyingine. Akakata kutoka mkungu mwingine. Akatambaa mpaka kwenye ebitoke, akakata na hizo. Kila mara alinipa mimi, hakuangalia mwenyewe.

"Nyeupe. Nyeupe, mama. Nyeupe."

Akakata tako la shina la kisubi, akapitisha kidole gumba pale palipokatwa. "Na hapa?"

Ndani ya shina palikuwa na nyuzi nyekundu zilizoelekea kahawia, kama kutu kwenye waya. Nilimwambia. Nikakata mimi mwenyewe shina la ebitoke, na ndani palikuwa safi, peupe, panachuruzika maji matupu.

Alikaa chini. "Huu ni ugonjwa wa panama," alisema. "Unaishi kwenye udongo, unaua kisubi, ebitoke hauzigusi. Zingekaa hapa na kisubi iliyokufa miaka ishirini zisiugue." Akafuta panga kwenye jani. "Mwenzako alisema nini?"

"Alisema unyanjano."

"Nisomee."

"Mama..."

"Nisomee yote, tangu mwanzo. Taratibu."

Nikasoma. Nilisoma nilivyoitumia picha. Nilisoma magonjwa mawili yanayofanana. Nilipofika kwenye maswali sauti yangu ikawa ndogo, nikasoma la kwanza, la pili, la tatu, nikasimama.

"Endelea," alisema. "Ukamjibu nini?"

Nikamsomea nilichojibu, maneno yangu mwenyewe, na hakuna maneno ambayo nimewahi kuyasoma kwa sauti yaliyonielemea kama yale manane.

Nilingoja anipigie kelele. Badala yake alitabasamu, tabasamu la kuumia, akageuza uso kuelekea mahali alikodhani nimesimama. Alikuwa amekosea kwa hatua moja. "Aliuliza vizuri," alisema. "Maswali hayo hayo ningeuliza mimi." Kisha, "Mwambie mwenye shamba. Mimi sitakusemea."

Nilimwambia Mama Kemirembe. Nilimwambia kwa Kiswahili, nikichomeka Kinyambo changu cha sokoni mahali nilipoweza, kwamba ebitoke zake zilikuwa nzima, kwamba sikukata tunda, kwamba nilidanganya. Alinisikiliza huku akiangalia mashina yaliyolala. Na alipojibu, alijibu kwa Kiswahili polepole, ili nisikose hata neno.

"Mimi nilisema siku ile. Nilisema, kisubi inaumwa, hizi nyingine haziumwi. Nilisema, mama mkwe wangu alinionyesha. Kila mmoja ulipoanguka nilikuambia. Wewe ulikuwa unaangalia simu."

Bwana Melkiory, aliyekuwa amefika na kusimama kando, aliangalia chini.

Nililia, na hakuna aliyenibembeleza, na walifanya vyema. Hatimaye Mama Kemirembe akasema, "Mwana wange, machozi hayapandi migomba. Mvua zimeanza. Utakuja lini?"

Mama Adelgunda aliandika ripoti kama ilivyokuwa. Yaani aliisema na mimi nikaiandika, sentensi kwa sentensi, pamoja na jina langu. Chuo kikaniongezea miezi sita ya mafunzo. Baba alikuja ofisini akitaka kuzungumza na mtu. Mama Adelgunda alimpokea kwa heshima, akampa kiti, na baba akatoka akiwa amenyamaza. Sijawahi kujua walizungumza nini.

Miezi sita ile niliipokea kama adhabu. Leo ningetoa mengi niirudie hata wiki yake moja.

Tulitafuta machipukizi ya ebitoke kutoka kibanja kilichokaguliwa, kule Kanoni. Mama Kemirembe alichagua mwenyewe, akikataa mengi, akinifundisha kwa nini: hili limekaa mbali na mama yake, hili jani lake limefunguka mapema mno. Tulichimba mashimo, sisi watatu, tukajaza samadi. Pale palipokuwa na kisubi hatukurudisha kisubi. Na kila tulipopumzika, Mama Adelgunda alinituma kwenye mmea wowote, mbuni, mhogo, magugu ya njiani, akaniambia, "Nieleze unachokiona."

"Una kutu ya majani," nilikuwa nasema.

"Sikukuuliza jina la ugonjwa. Nieleze unachokiona."

"Madoa."

"Ya rangi gani? Juu au chini ya jani? Yakiguswa yanaacha unga? Yameanzia wapi?"

Nilikuwa nakasirika. Nilikuwa nasema, mama, si ungenyoosha tu mkono ukashika. Naye ananyoosha mkono, anashika, analisogeza jani mbele kabisa ya macho, ananirekebisha: siyo unga, ni nywele, siyo njano, umechoka tu, ni kijani kinachofifia. Macho yake yalizidi kufunga huku ulimi wangu ukifunguka. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa naweza kumpa mmea mzima kwa maneno akiwa amekaa kwenye kigoda mbali, mgongo kwenye ukuta wa jikoni, ananisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Na alipotaja kilichouua mmea, mara nyingi nilikuwa nimeshakijua, kwa kuwa katika kueleza nilikuwa nimekiona.

Ndipo alinirudishia simu. Hakuwahi kuninyang'anya, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeizima kwa aibu. "Sasa muulize," alisema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi." Nikaandika yote, rangi na unga na mahali palipoanzia, na jibu lililorudi lilikuwa jingine kabisa, refu, makini, lenye kitu kimoja ambacho hata yeye hakukijua. Akacheka kwa furaha akapiga paja. "Umeona? Alikuwa anakusubiri ukue."

Alistaafu mwaka uliofuata, mwezi wa sita. Ofisi ilimpa shuka na sufuria. Mama Kemirembe alitembea kutoka Nyabiyonza na kuku. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi ya mkataba kwenye mradi mmoja wa kilimo Kaisho, nikaja kwa siku moja, nikamsindikiza mpaka kituoni, nikamkabidhi kwa kondakta. Nilimwambia nitakuja Kamachumu kabla ya mwaka kwisha. Alisema, "Njoo wakati wa senene, tutakula." Sikumwambia jambo lolote lililokuwa la maana. Nilimwambia aangalie ngazi.

Mwanzoni nilimpigia kila Jumapili. Nilimweleza mashamba ya Kaisho, na yeye aliuliza yale maswali yake. Kisha kazi ikazidi. Mradi ulinipa wakulima mia tatu na kishikwambi, na asubuhi hadi jioni nilikuwa nauliza na kujibiwa, nakata na kunusa, na nilikuwa mzuri, watu walisema hivyo, wakurugenzi walikuja kutuona na kupiga picha. Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walikuja wakapita. Simu za Jumapili zikawa za mwisho wa mwezi, halafu za sikukuu. Kuna siku niliona kitu cha ajabu kwenye mkungu huko mpakani, nikaipiga namba yake bila kufikiri, na ile sauti ya mwanamke ikaniambia namba haipatikani. Nikasema nitajaribu kesho. Nikaiuliza akili mnemba, ikanisaidia. Ilinisaidia vizuri. Haikuniuliza kama nimekula.

Mwezi uliopita ndipo nilikwenda. Nilichukua basi la alfajiri kutoka Kayanga, nikabadili gari Muhutwe, nikapanda mlima wa Kamachumu nikiwa na kilo mbili za kahawa ya Nyabiyonza kwenye mkoba. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka kusimama mlangoni nisiseme jina, nione kama ataijua salamu yangu.

Mlango ulikuwa na kufuli. Kibanja kilikuwa kimejiachia: majani makavu yananing'inia kila shina, machipukizi saba au manane yanagombania mahali pamoja, magugu yamefika magotini. Jirani yake, mwanamke wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Joanitha, alikuja akiwa ameshika beseni la nguo.

"Bibi hayupo," alisema. "Binti yake alikuja kumchukua, sasa ni wiki ya tatu. Wameenda Mwanza. Haoni tena kabisa, na alianguka jikoni, ndiyo wakaona asikae peke yake."

"Atarudi?"

Alibadilisha beseni kutoka kiuno hiki kwenda kile. "Wamechukua na kitanda."

Nilimuuliza namba ya binti yake. Hakuwa nayo, ila kanisani wangeweza kuwa nayo, mchungaji akirudi Alhamisi. Aliniangalia viatu, akaniangalia mkoba.

"Na wewe ni nani wake?"

Nilitafuta neno. Yapo mengi na sikupata hata moja la kunitosha. "Tulifanya kazi pamoja," nilisema. "Karagwe."

"Ah!" Uso wake ukafunguka. "Wewe ndiye Salwa. Alisema utakuja. Kila gari likisimama pale barabarani alikuwa anatega sikio, anatuambia, huyo ni binti yangu wa Kayanga, wekeni ndizi jikoni." Kisha, kama aliyekumbuka jambo, akaliweka beseni chini. "Lakini hiyo ilikuwa mwaka jana."

Gari la kurudi lilikuwa saa tisa. Ilikuwa saa tano na nusu. Nilimwomba aniazime kisu, na kwanza hakuelewa ni cha nini. Alipoelewa akakileta, kisu cha kawaida cha jikoni chenye mpini uliofungwa kamba. Nikapandisha mikono ya shati, nikaingia upande wa juu, nikaanza kukata majani makavu, shina kwa shina, nikiyalaza chini yafunike udongo, nikichagua chipukizi moja la kubaki na kuondoa mengine.

Joanitha alisimama ukingoni akinitazama. "Utachafuka bure, dada," alisema. "Hata angekuwepo, asingeona."

"Najua," nikasema, nikalishika jani lililofuata.